Kukataa Mara ya Kwanza

St. Paul, Minnesota
14 Novemba 2010

Mama yangu mpendwa,

Umeshakula wali? Sisi tumekula, tena wali wa kunata aliotuletea Mama Eh Doh wa ghorofa ya chini. Hatujambo sote. Baba Hsa Paw amepata kazi kwenye kiwanda cha kuchinja bata mzinga, nje ya mji. Anaondoka jioni, anarudi asubuhi, na hata akioga bado ananuka manyoya. Mimi mwezi ujao naanza kufua mashuka ya hoteli, mchana. Theluji msimu huu imeshaanguka mara mbili. Mara ya kwanza Hsa Paw aliila.

Kwa hiyo mchana mtoto anabaki na baba yake, na baba yake amelala. Huko kambini hili lisingekuwa jambo. Ningemtoa nje, na kama si wewe angemchukua shangazi, na kama si shangazi basi yeyote aliyekaa kizingitini anatafuna tambuu. Hapa milango yote imefungwa, na wenye milango wako kazini.

Iko shule ya watoto wadogo karibu na kanisa letu. Wanawachukua wenye miaka mitatu, wanawalisha, wanawafundisha Kiingereza na michezo. Nimekwenda kumwandikisha. Fomu ilitaka jina la ukoo. Nikamwambia karani sisi Wakaren hatuna, kila mtu ana jina lake basi. Akalikata la mwanangu vipande viwili, Hsa akaliweka huku, Paw akaliweka kule, na sasa barua zinakuja kwa mtu anayeitwa Paw. Nafasi zimejaa. Tuko kwenye orodha.

Lakini mlezi ninayemtaka ni wewe. Tulipoondoka Hsa Paw alikuwa na miezi minane, na ulikuwa humtui mgongoni hata ukienda kuteka maji. Ulisema huwezi kumwacha Baba na ugonjwa wake, nikaelewa. Sasa Baba amezikwa mwaka umepita. Ofisi ya safari wanasemaje? Wamekuita kwa safari ya kuja huku? Niandikie lini, hata kama ni kukisia tu.

Binti yako,
Wah Gay


Kambi ya Wakimbizi ya Mae La
9 Januari 2011

Mwanangu Wah Gay,

Barua yako imefika wiki ya Mwaka Mpya wetu. Kuhusu kula, nimekula mara mbili, maana Mwaka Mpya hakuna anayemhesabia mwenzake. Vijana walicheza ngoma ya kuruka mianzi inayogonganishwa, mmoja akabanwa mguu kwa sababu alikuwa anamtazama msichana. Mama yake alimcheka mbele ya watu wote. Shangazi yako anakusalimu, jino limemtoka jingine.

Mwambie mkwe wangu asione haya. Mwanamume anayenuka kazi hamfukuzi mkewe.

Nimesikia habari ya hiyo shule. Ni jambo jema, lakini watakapokujia, usiwe kuku aliyeona mchele. Mtu anayepewa kitu akakidaka papo hapo, watu husema kwao walilala njaa. Mpe mwenzio nafasi ya kukubembeleza. Nilikulea hivyo, na bibi yako alinilea hivyo, hata kule msituni tulipokuwa tunakimbia vita na hatuna kitu, mtu akitupa muhogo tulisema asante, tumeshiba, mpaka aseme tena.

Ofisi ya safari ina watu wengi mno. Subira huvuta heri. Hapa tunatafuta majani ya kuezekea paa kabla joto halijakolea, ndiyo kazi iliyonishika.

Mbusu mjukuu wangu shavuni, upande ule wa kishimo.

Mama yako


St. Paul
20 Februari 2011

Mama,

Umeshakula? Sisi tumekula, supu ya machipukizi ya mianzi, ya kopo lakini si mbaya. Nilitia pilipili na samaki wa kuchachusha kutoka duka la Wahmong. Jirani mmoja aligonga kulalamikia harufu. Theluji sasa inafika magotini.

Mama mmoja wa ile shule, Bi Lindquist, alitutembelea Januari. Ni mtu wa adabu sana. Nilimkaribisha chai akakataa, nikammiminia. Akakataa tena, nikamuongeza. Alikunywa vikombe vitatu. Nikajua huyu amelelewa.

Kuhusu nafasi bado tunangoja. Baba Hsa Paw anakusalimu.

Wah Gay


Mae La
27 Machi 2011

Mwanangu,

Barua yako nimeigeuza nyuma nione kama kuna kilichoandikwa huko. Tangu ukiwa mdogo, ukiwa na jambo moyoni unanieleza ulichopika. Siku ulipovunja chungu cha bibi yako ulinihadithia mchicha mpaka nikasinzia.

Bado mnangojaje? Mtu hapandi ghorofa kwenye theluji ya magoti kuja kunywa chai tu. Alisema nini? Nawe ulimjibu nini?

Mimi mzima. Kikohozi cha vumbi kidogo, watu wote wanacho. Paa tumeezeka nusu. Usiniulize ya ofisi, hakuna jipya.

Mama yako


St. Paul
Jumapili ya Pasaka, 24 Aprili 2011

Mama,

Leo sikuulizi kama umekula, utanisamehe. Nikianza na hayo nitaishia kukueleza nilichopika.

Bi Lindquist alikuja na nafasi mkononi. Mkalimani alikuwa kwenye simu iliyowekwa mezani, dada wa kwetu anayekaa mji mwingine, simjui sura. Bi Lindquist akasema, "Imepatikana nafasi moja, mtoto anaweza kuanza Jumatatu. Unaitaka?"

Nikasema kama ulivyonifundisha. "Asante sana, lakini msijisumbue kwa ajili yetu. Wapo wenye shida kutuzidi."

Yule dada akayapeleka maneno kama yalivyo, hakupunguza wala hakuongeza. Bi Lindquist akanishika mkono, akasema nina moyo mwema na hajaona mtu kama mimi kazini kwake. Akaandika kitu kwenye karatasi. Nami nikammiminia chai ya tatu, nikakaa nangoja aulize tena. Akasimama. Nikasema labda ataniulizia mlangoni. Mlangoni aliniuliza viatu vyake nimeviweka wapi.

Nilingoja simu wiki nzima. Nikaona haya kupiga mimi. Mwezi wa pili nikamwona binti wa Wanepali wa ghorofa ya tatu anashuka ngazi na mkoba mpya, anapelekwa shule ile ile, nikajua nafasi ya mwanangu imemwangukia nani. Mama yake ni mtu mwema. Huwa tunasaidiana kubeba mchele. Nilimsalimia, nikaingia ndani, nikalia kwenye taulo bafuni maji yakiwa yanamwagika ili Baba Hsa Paw asisikie.

Kuna kibaya zaidi. Tarehe mbili Machi mimi nilikuwa kazini. Baba Hsa Paw alipitiwa na usingizi, akaamka akakuta mlango wazi. Hsa Paw alikuwa amewafuata watoto wakubwa kwenye kituo cha basi la shule, amevaa fulana na kandambili. Alipanga mstari nyuma yao. Wenzake walipopanda naye akainua mguu apande. Dereva, mama mmoja mnene mweusi, alimfunika na koti lake akamrudisha jengoni, akawa anagonga mlango mmoja mmoja na kuuliza, "Huyu ni wenu?" Mpaka akafika kwetu. Vidole vya miguu vilivimba siku nne. Daktari amesema vimepona vyote.

Baada ya hapo walikuja watu wawili wenye vitambulisho shingoni. Wakauliza nani anamlea mtoto huyu mchana. Baba Hsa Paw akasema, "Mimi." Wakamuuliza, "Na wewe unalala saa ngapi?" Hawakutufokea. Waliuliza kwa upole, na ule upole ndio ulionitisha. Watarudi majira ya joto yakiisha, na wakikuta mtoto bado hana wa kumwangalia, wataamua wao.

Nina hasira nawe, Mama. Sijawahi kukuandikia neno hili. Umenifundisha kukataa ninachokitaka, na hapa ukikataa wanakuamini. Kwa hiyo sasa sikubembelezi, nakuuliza kama mzungu. Unakuja au huji?

Wah Gay


St. Paul
19 Juni 2011

Mama,

Wiki nane sijapata hata mstari. Wengine wa kambini wanapata barua. Mama Eh Doh amepata mbili. Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi.

Nilikwenda shuleni. Nilipita nje mara mbili kabla sijaingia. Bi Lindquist akapiga simu kwa mkalimani, kwa bahati akapatikana dada yule yule. Nikasema, "Ile nafasi naitaka."

Bi Lindquist akashangaa. "Lakini uliikataa."

"Nilikataa mara moja," nikasema.

Kwenye simu nikamsikia yule dada anacheka, halafu akaanza kumweleza maneno mengi kuliko niliyoyasema mimi, na akamwambia yeye mwenyewe alipofika nchi hii alikaa na njaa siku mbili kwa wenyeji wake kwa kusema ameshiba. Bi Lindquist akavuta kiti akakaa.

"Kwa hiyo ile chai," akaniuliza.

"Ulikataa, nami nikakukaribisha tena, kama inavyotakiwa."

"Mimi sinywi chai kabisa," akasema. "Usiku ule sikulala."

Tulicheka, Mama, lakini nafasi ilikuwa imekwenda. Alichoweza ni kuandika upya kwamba sikukataa, nikarudishwa mahali pangu pa zamani kwenye orodha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kila Ijumaa nikitoka kwenye mashuka nilipita pale, nikasimama mbele ya meza, nikasema kwa Kiingereza changu, "Naitaka bado." Uso uliwaka moto kila mara. Niliona kama kijiji kizima kimekaa pale kinanitazama.

Ijumaa iliyopita wamenipa. Kuanzia Septemba, asubuhi tu mpaka saa sita. Baba Hsa Paw atalala saa hizo, kisha aamke kumfuata na kumwangalia. Nilipomwambia, alikwenda kukaa kwenye ngazi.

Sikuandika haya ili nikushinde. Nilijua kimya chako nacho kina kitu nyuma, kama changu kilivyokuwa. Niambie.

Wah Gay


Mae La
17 Julai 2011

Mwanangu, Mama Hsa Paw,

Barua yako ya Pasaka ilifika mwezi wa tano. Sikukasirika. Niliiweka chini ya mkeka nikailalia, maana kila nilipotaka kujibu ilinibidi nianze na jambo ambalo sijamwambia hata shangazi yako.

Mimi niliulizwa zamani. Aprili ya mwaka jana, kabla hujaniandikia habari ya shule. Waliniita ofisi ya safari. Alikuwapo mzungu mmoja mpole, ndevu nyekundu, na mkalimani wa kiume. Akaniuliza, "Mama, unataka kwenda kuishi na binti yako?"

Moyo wangu ulishafika kwako kabla hajamaliza. Mdomo ukasema, "Mimi ni mzee. Wapelekeni kwanza wenye watoto wadogo."

Nikainamisha kichwa, nikangoja. Nikasikia muhuri unapigwa. Akanishukuru. Nilitoka nikakaa kwenye benchi la nje mpaka saa ya kufunga ofisi, nikisema atakuja kuniuliza tena, hawezi kuniacha hivi hivi. Alitoka, akanipungia mkono, akapanda gari.

Kila uliponiuliza lini, nilikutafutia paa la kuezeka. Na bado nikakuandikia ile habari ya kuku na mchele. Utasema nilikuwa na wazimu. Hapana. Sikutaka kukubali kwamba ni adabu yetu iliyonifungia mlango. Nilijiambia labda nilisema vibaya, labda sikuinama vya kutosha, labda wewe ungeisema vizuri zaidi na ingefanya kazi. Niliijaribu kwako ili nijue. Imempeleka mjukuu wangu kwenye theluji na kandambili.

Nisamehe. Sijui kuandika zaidi ya hapo. Mvua ni nyingi na wino unatambaa.

Mama yako


St. Paul
18 Septemba 2011

Mama yangu,

Umeshakula wali? Nauliza kweli, sasa unaweza kunijibu hapana.

Nimesoma barua yako kwenye kituo cha basi nikaacha mabasi mawili yapite. Hakuna cha kusamehe. Nilicheka ulipofika kwenye benchi, halafu sikuweza kucheka tena. Umekaa na jambo hilo mwaka mzima peke yako, na mimi huku nakulaumu moyoni kwa uvivu wa kwenda ofisini.

Hsa Paw ameanza. Siku ya kwanza alining'ang'ania shingo mpaka akaniachia alama za kucha. Siku ya nne hakugeuka kuniaga. Wanawapa maziwa baridi na jibini, yeye hagusi, anarudi saa sita anaomba wali. Lakini matunda anakula. Nilichungulia dirishani nikaona mwalimu anapitisha sahani ya matikiti. Wenzake walinyoosha mikono, naye akanyoosha wake, akachukua vipande viwili, akasema, "Nipe tena." Niliona aibu, Mama. Halafu nikaona raha.

Wale watu wawili walikuja, wakauliza, wakaandika, wakaondoka. Wamesema hawatarudi.

Saa sita mtoto mmojammoja hufuatwa. Wengine wanachukuliwa na bibi zao, wazungu hata Wasomali, wanawafunga kofia na kuwafuta pua. Hsa Paw aliniuliza wa kwetu yuko wapi. Nikamwonyesha picha yako. Akaigusa akasema, "Hii ni karatasi."

Nenda ofisini. Usingoje kuitwa. Nenda ukaseme unataka, na usiseme neno jingine lolote mbele yake wala nyuma yake. Mimi nilisema Ijumaa tano, na bado mimi ni mtoto wako.

Nimekukumbuka mpaka nanusa mkeka wako kwenye mashuka ya watu.

Wah Gay


Mae La
4 Desemba 2011

Mwanangu Wah Gay,

Sijala, nimekaa kuandika kwanza. Shangazi yako anapika, anakohoa moshi na kulaumu kuni. Mchele wa mwezi huu una mawe, jino lake lililobaki lina hofu.

Nimekwenda. Mara ya kwanza nilifika mpaka langoni nikarudi, nikamwambia shangazi yako ofisi ilifungwa, akasema, "Jumanne? Ofisi?" Mara ya pili alinisindikiza, akanisukuma mgongoni kama mtu anayesukuma ng'ombe mtoni.

Safari hii ni mwanamke, kijana, nywele kazifunga juu. Akauliza, "Mama, unataka kwenda kwa binti yako?" Nikasema, "Nataka," kabla mkalimani hajafungua kinywa. Akaangalia karatasi zake akaona nilikataa mwaka jana. Akauliza tena. Nikasema nataka. Akauliza mara ya tatu, maana hawa usipohitaji kubembelezwa ndipo wanapobembeleza. Mara zote tatu nilisema nataka. Nilisikia masikio yanawaka. Watu wa foleni walikuwa wanasikia, na yumo mke wa mchungaji.

Faili langu limefunguliwa upya, lakini la nyuma limefutwa. Naanza mwisho wa mstari. Nikamuuliza ni muda gani. Akasema miaka miwili, huenda mitatu, na hawezi kuniahidi hata hiyo.

Nikahesabu kwa vidole chini ya meza. Hsa Paw atakuwa na sita au saba. Atakuwa shule kubwa, anapanda basi lile la njano mwenyewe, anajua kufunga zipu. Hatahitaji mtu wa kumfuta pua saa sita. Mwaka jana ningekuwa nimekuja kumlea. Sasa nitakuja kumkuta amelelewa. Nililia pale pale mbele ya yule msichana, sikufichi, nimechoka kuficha. Akanipa karatasi laini za kufutia macho. Nilizichukua mara moja.

Halafu akarudi kwenye fomu. Akasema, "Mama, hapa pa sababu ya safari, mwaka jana waliandika ni kulea mjukuu. Utakapofika hatakuwa mtoto mdogo tena. Niandike sababu gani?"

Mkalimani alinitazama, akidhani nitamtafutia kitu kizuri, cha kuwasaidia wengine, cha kanisa.

Nikamwambia, "Andika namtaka binti yangu."

Mama yako,
Mu Lah